Mkunga Alizimia Tu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa. Si simu, si viatu. Mtu! Tena mtu niliyemuua kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi nilimkuta shemeji, mdogo wa mke wangu anayeishi nasi, jikoni anacheka peke yake, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, sufuria ya chai inafurika. Nikamuuliza kuna nini. Akasema Mkunga amemfumania meya ndani ya tangi la maji. Nikauliza Mkunga yupi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. Mkunga wako, shemeji.

Mkunga wangu! Mkunga wa vitabu saba, aliyezalisha mji mzima na kwa hiyo akajua siri za mji mzima. Mpelelezi asiye na bunduki wala gari, ana mkoba na mkasi tu. Nilimuua ukurasa wa mwisho wa kitabu cha saba. Nilikuwa nimemchoka. Kila nilipokwenda watu walimuulizia yeye, kana kwamba mimi ni mtumishi wake. Nikamuua ili niandike riwaya nzito. Riwaya nzito niliiandika. Mchapishaji aliusifu sana uzito wake, akairudisha.

Na sasa kuna kundi zima huko kwenye simu, linaitwa Wajukuu wa Mkunga, watu wanamtungia visa vipya. Bila ruhusa. Bila haya. Kinara wao anajiita Kitovu. Kila baada ya siku chache anatoa sura mpya, na watu wanamshangilia utadhani ndiye aliyemzaa.

Leo ilikuwa siku ya mke wangu ya mashine ya kusafisha damu. Nilimpeleka kliniki, wakamlaza, wakamchoma zile sindano mbili nene, damu ikaanza safari yake ya kutoka na kurudi. Mimi nikakaa kwenye benchi la korido nikazisoma takataka za Kitovu kwa hasira. Nilizisoma zote. Nyingine nilizirudia, ili hasira isipungue. Mle ndani wagonjwa walikuwa wanaangua vicheko, nikashindwa hata kuwaza. Nilimwomba nesi awanyamazishe. Akasema mke wangu anawasomea kitu, na kwamba wakicheka presha zao zinakaa vizuri.

Jambo moja limenichoma. Kitovu anadai Mkunga hunyonya vipande vya barafu akiwa na mawazo. Uongo mtupu! Sikuandika barafu popote. Mtu anatoa wapi vitu kama hivyo? Nilimlalamikia mke wangu njiani. Alikuwa ananyonya kipande chake cha barafu, maana maji ya kunywa amepimiwa na daktari, akakihamishia shavu la pili.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya Chama cha Waandishi. Chumba kimoja juu ya duka la mafundi cherehani. Meza, viti vichache, kimoja mguu wake umefungwa kamba. Cherehani zikianza kule chini sakafu inatetemeka, na hoja zote zinatetemeka nayo. Kiti cha kamba huwa napewa mimi. Nina hakika Mshairi ndiye anayekiweka pale ninapokaa. Mshairi ni hasimu wangu tangu ujana. Ana diwani moja nyembamba na maoni mengi manene.

Nilitoa hoja: chama kilaani hadithi za kudandia. Jina hilo nimelibuni mimi. Wenyewe wanaziita hadithi za mashabiki. Nikasema shabiki hukaa jukwaani, haruki ukuta akaingia uwanjani kupiga penalti. Nilitegemea kicheko. Cherehani zikaanza.

Mama Machozi, mwandishi wetu wa riwaya za mapenzi, akasema wasomaji wake wamewaoza wahusika wake mara nyingi kuliko yeye, wengine na watu wasiofaa kabisa, na bado yeye analala usingizi. Akasema hata yeye alianza hivyo hivyo. Utotoni alichukia mwisho wa hadithi fulani, akauandika upya kwa penseli pembeni mwa kitabu cha shule. Nikamwambia huo ni uharibifu wa mali. Katibu, anayeandika vitabu vya kiada, akasema yeye haogopi wakiandika vibaya, anaogopa wakiandika vizuri. Mshairi akasema angefurahi mtu adandie shairi lake hata moja. Alisema kwa sauti ya chini, nikaona ni kweli, hakuna aliyewahi. Nilifurahi kidogo.

Kisha akaleta sumu. Akasema tukizungumzia hadithi yenyewe, wale watu hawajakosea, maana Mkunga hakufa. Alizimia tu. Nikacheka. Akatoa kitabu changu mkobani, kumbe anacho, akafungua ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho. Mkunga akaegemea ukuta, akatazama mlango, akazimia.

Mimi niliandika akazimika! Akazimika, kama taa. Kifo chenye heshima, neno nililolitafuta wiki nzima. Hilo kosa sikuwahi kuliona kwa sababu sisomi vitabu vyangu vikishachapwa, kazi hiyo namwachia mke wangu. Yeye alikuwa msahihishaji pale kwenye kiwanda cha uchapaji, na hapo ndipo tulipokutana, tukibishana juu ya mkato. Sasa herufi moja imedondoka, na kwa ajili yake mwanamke mzima yuko hai.

Nilifika nyumbani, nikaenda moja kwa moja rafuni kuchukua kitabu. Mke wangu alikuwa kitandani na simu yake, kama kawaida. Nikamwonyesha. Akapitisha ukucha chini ya lile neno, polepole, kama alivyozoea kazini. Akasema makosa ya chapa yapo tu. Nikamuuliza ni nani anaweza kuwa mzembe kiasi hicho. Akasema amechoka, nimzimie taa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Nimejiunga na kundi lao.

Jina: Msomaji Mwaminifu. Picha: ua. Nilikaa kwenye benchi langu la korido, mke wangu yuko mashineni, nikaandika sura kwa mkono ule ule ulioandika vitabu saba. Ndani yake Mkunga anakufa. Nilimwangusha kwenye ngazi, nikamgongesha gari, na ili nisiache mwanya nikamtia na homa. Nikaituma. Nikangoja vilio.

Majibu yakaja. Wa kwanza akasema karibu ndugu, ila Mkunga hawezi kuongea hivi. Wa pili akasema inaonekana sijasoma vitabu vyenyewe, nianze na cha kwanza. Wa tatu akasema nimemfanya awe mtu wa kujisikia, huenda najiandika mwenyewe. Wa nne aliweka tu picha ya mbuzi anayepiga miayo.

Mimi! Nianze na cha kwanza!

Kitovu alijibu wa mwisho. Aliandika: "Ndugu Mwaminifu, mkono unao. Ila unamharakisha mno. Mwache avute pumzi. Na mkato wako wa pili hauna kazi." Nimeutazama ule mkato. Kweli hauna kazi. Hilo limeniudhi kuliko mbuzi.

Mke wangu alitoka mashineni midomo imempauka. Aliniuliza nimeshindaje pale nje. Nikasema nilikuwa kwenye utafiti. Akanishika mkono, akanitabasamia. Siku nyingi hajanitabasamia vile. Nikadhani ni dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefukuzwa kundini. Uvumilivu ulinishinda, nikawaandikia kwa herufi kubwa kwamba mimi ndiye mwandishi mwenyewe. Wakasema kila mwezi hutokea mmoja, na wa mwezi uliopita angalau alikuwa na picha inayofanana naye. Wakaniuliza mume wa kwanza wa Mkunga alikuwa na kazi gani. Nikajibu seremala. Alikuwa mpiga tarumbeta. Wakanitoa.

Lakini nilikuwa nimeshamtumia Kitovu ujumbe wa faragha. Mpango wa pili, na ni bora kuliko wa kwanza! Nimejifanya mjumbe wa chama. Nimemwambia amechaguliwa kupewa Tuzo ya Msomaji Bora, aje mkutano mkuu wa Jumamosi aipokee. Tuzo hiyo haipo. Akijitokeza tu, namsomea hoja yangu ya kulaani, ana kwa ana, mbele ya wanachama wote. Neno mwizi limo humo kila baada ya mistari michache. Wanachama watanipigia makofi, watanipa uenyekiti, mchapishaji atasikia, ataniomba kitabu cha nane chenye kifo halisi. Yote hayo kwa ujumbe mmoja.

Kitovu amejibu kwamba akiamka vizuri atakuja. Jibu la ajabu. Labda ni mlevi.

Ijumaa, 7 Machi

Mashine imemtesa leo. Presha ilimshuka, miguu ikamkakamaa, nesi akawa anamkanda. Nilimsikia akilia, mimi nipo pale kwenye benchi. Sikuweza kuandika kitu. Nilitazama vigae vya korido tu. Alipotoka nilimwekea sikio kwenye mkono, pale walipounganisha mshipa, pale panapovuma kama friji. Nilitaka kusikia kwamba panavuma. Panavuma. Niliogopa sana, na hilo naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma.

Njiani akauliza avae gauni gani kesho. Nikauliza kwenda wapi. Kwenye mkutano wenu, akasema, nimealikwa.

Amealikwa! Nani anamwalika mke wa mtu kwenye mkutano wa waandishi? Nilijua papo hapo. Mshairi. Aliwahi kumwandikia shairi enzi za kiwandani. Shairi baya, lakini lilikuwa na vina. Nikamwambia mke wangu hatoki, hana nguvu, na mambo yenyewe ni ya wanachama tu. Akasema haya. Nikamwagiza shemeji asimruhusu kuvuka mlango. Shemeji akasema sawa, kwa ile sauti ambayo maana yake si sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kiti. Kile cha kamba walikibeba mpaka ukumbini, nikakalishwa mimi.

Ukumbi ulijaa. Wajukuu wa Mkunga walikuja kumwona Kitovu wao. Walikaa safu za nyuma, wengi wanawake, baadhi yao wana plasta mkononi. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa napanga karatasi zangu.

Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikatangaza tuzo, nikamwomba Kitovu asogee mbele. Kiti kikakwaruza sakafu huko katikati. Akasimama mke wangu, amevaa gauni la kijani, ameshika bega la shemeji.

Nilidhani anataka kwenda msalani. Nikamwashiria akae. Hakukaa. Akaanza kuja. Alikuja polepole sana, na wale wa nyuma wakawa wanampigia makofi hatua kwa hatua, na mimi nimesimama na karatasi yangu. Ningeweza kuikunja. Ningeweza kusema lolote lile. Lakini hoja ilikuwa imeshachapwa vizuri, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaisoma. Nikafika kwenye neno mwizi. Makofi yakapungua. Nikafika tena kwenye neno mwizi. Makofi yakaisha. Mara ya tatu nilikuwa nalitamka kama mtu anayeuliza swali.

Mke wangu akafika mbele. Hakupaza sauti.

"Mwizi ni mimi," akasema. "Na lile neno nililibadilisha mimi, kiwandani. Ulimuua wiki ile niliyopewa majibu ya figo. Nikatoa herufi moja. Nilitaka mmoja wetu abaki."

Mshairi akaleta kiti kizima, akamkalisha. Mshairi! Si mimi. Mimi nilikuwa bado natafuta mahali nilipoishia kwenye karatasi. Katibu akauliza kama kuna anayeunga mkono hoja. Hakuna aliyeunga. Mama Machozi alilia kweli kweli, na mimi siku zote nilidhani kulia anawaachia wasomaji wake.

Nimedhalilishwa. Na mke wangu mwenyewe! Kitovu!

Jumapili, 9 Machi

Nimenuna tangu asubuhi. Hakuna aliyegundua, jambo linaloumiza zaidi.

Nimejaribu kuikumbuka wiki ile ya majibu. Nakumbuka alirudi akakaa jikoni na koti lake, hakulivua. Mimi nilikuwa natafuta neno. Nilimuuliza lipi ni bora, akafifia au akazimika. Alichelewa kidogo kujibu. Akasema akazimika, kisha akaenda kulala.

Mchana nikamwendea. Nikamuuliza tangu lini, na kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwahi kumuuliza anaandika nini. Nilidhani siku zote anachati na dada zake. Akasema wale wenzake wa mashineni walimaliza vitabu vyote saba, wakamuuliza kama kipo cha nane, yeye akasema kipo. Ikabidi akakiandike. Kila siku ya mashine anawapelekea sura, na kila sura anaikatiza mahali pabaya. Wapo waliokuwa wamekata tamaa, akasema, waliotaka kuacha kuja wabaki nyumbani yaishe. Mtu anayengoja sura huwa anarudi.

Akasema sasa anaandika ya mwisho. Nikajitolea kumsaidia, kwa uzoefu wangu. Akasema asante mzee wangu, hapana. Nilitaka kukasirika. Badala yake nikajaza maji kwenye kile kitrei cha barafu, nikakiweka kwenye friji. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema sijali.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Kitabu cha nane kipo. Kipo tayari! Kinachokosekana ni jina la mwandishi tu juu ya jalada, na jina ninalo mimi. Mke wangu nitamweka ndani, kwenye shukrani, wa kwanza kabisa, kabla ya mchapishaji.

Nikampigia mchapishaji kutoka kwenye benchi. Kumbe hadithi za Kitovu anazisoma, tena anamtafuta huyo Kitovu kwa udi na uvumba. Moyo ukaniruka. Nikasema umempata, Kitovu ni mimi. Mchapishaji akacheka mpaka akapaliwa. Akasema ananiheshimu sana, lakini Kitovu anajua mkato unakaa wapi.

Nilimsimulia mke wangu alipotoka, nikidhani atanionea huruma. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi kikakataa kuisha.

Jumatano, 12 Machi

Wamemlaza wodini. Mapafu yamejaa maji. Daktari anaongea nami huku macho yake yako kwenye faili.

Alikuwa anapumua kwa shida. Alinitia simu yake kiganjani, akanikunja vidole juu yake. Akasema sura ya mwisho imo humo, amemaliza, hajaituma kwa mtu yeyote. Alitaka aipitie tena kutafuta makosa lakini macho hayatulii. Niitume kwa wenzake Ijumaa, siku ya mashine, wawe nayo kitandani.

"Kama ilivyo," akasema. "Usiguse neno. Niahidi, mwandishi wangu."

Nikaahidi. Niliahidi huku nalia, kwa hiyo ni ahadi ya kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nesi alipiga simu, akasema mke wangu amezimia. Nikashusha pumzi. Amezimia, basi ataamka. Nikatafuta shati safi, nikalipiga pasi.

Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Nikaweka sikio kwenye mkono wake, pale pale. Hapakuwa na kitu.

Sina la kuandika.

Jumatano, 26 Machi

Watu wa msiba wameondoka. Viti vya kukodi vimerudishwa. Mshairi alisoma shairi kaburini. Lilikuwa zuri. Sitamsamehe.

Wale wa plasta mkononi walikuja wote. Waliniuliza kwa adabu, mmoja mmoja, kuhusu sura ya mwisho. Mmoja wao, mwanamke mwembamba aliyekuwa kitanda cha jirani na mke wangu, aliniambia tangu siku ile hajaenda mashineni ipasavyo. Anaruka siku. Haoni cha kumpeleka, akasema. Nikamjibu sura inakuja, ipo kwenye hatua ya uhariri.

Nimeisoma. Inaanza na mstari wangu, ule wa mwisho wa kitabu cha saba. Mkunga akaegemea ukuta, akatazama mlango, akazimia. Watu wanakusanyika, wanabishana ni nani aliyemsukuma, na yeye anafumbua macho anauliza ni nani amehamisha mkoba wake. Kisha anamzalisha yule yule mwanamke aliyemsukuma. Si mbaya, kwa mtu ambaye hakuwa mwandishi. Nimelia mahali pawili, pote kwa sababu ya uchovu.

Ina dosari moja tu. Mstari ule ni wangu na neno lake si langu. Nikirudisha akazimika, halafu Mkunga akafumbua macho, hapo inakuwa kazi kubwa, watu watasimama vitini. Na sivunji ahadi. Aliniomba nisiguse neno. Mimi naongeza herufi, na herufi si neno.

Simu yake inakataa! Nikiandika akazimika, nikigusa nafasi, inageuka akazimia. Nafuta, naandika tena, inageuka. Nimeandika polepole, nimeandika haraka, nimeandika nikiangalia pembeni ili isishtuke. Akazimia. Tena si hilo tu. Nikianza na Leo, inanipendekezea umekula? Nikiandika Natoka, inaleta chukua mwavuli. Nimeshasahihishwa vya kutosha katika ndoa hii, sasa nisahihishwe na simu?

Shemeji anasema niitume hivyo hivyo ilivyo, yule mwembamba anauliza kila siku. Nimemwambia Ijumaa. Sanaa haikimbizwi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda kwa fundi simu. Mama mmoja mwenye kibanda kando ya duka la dawa, ana kioo cha kukuzia jichoni. Nikamweleza ugonjwa. Akaandika neno mwenyewe, likageuka. Akabonyeza bonyeza huko ndani, akatikisa kichwa.

"Hii si mbovu, mzee," akasema. "Imefundishwa. Kuna mtu ameiwekea makusudi, ukiandika hili ikupe lile."

Nikamuuliza ni nani atakaa chini aifundishe simu. Hakujua. Akasema anaweza kuliondoa neno hilo moja tu, au afute yote iwe kama ilivyotoka kiwandani.

Nilifikiri, kwa haki kabisa. Kuondoa moja kungebakiza yale mengine, umekula, mwavuli, pole, rudi mapema, yananirukia kila nikigusa herufi. Mtu hawezi kufanya kazi namna hiyo. Hawezi hata kupumua. Nikasema afute yote. Akauliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kwanza. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikamwambia mimi ni mwandishi, sura nzima ninayo kichwani.

Sasa nimekaa mezani kwangu. Simu iko safi. Nimeandika akazimika, imekubali bila ubishi. Ushindi! Shemeji yuko jikoni, haongei nami tangu nilipomwambia. Aliniletea chai akaitua mezani kwa kishindo. Yule mwembamba amemtumia ujumbe, anauliza kama sura ni leo, na kama si leo basi leo asitoke kwenda mashineni. Nimesema ajibiwe ni leo hii hii. Naiandika upya kwa kumbukumbu, na bila shaka itatoka bora zaidi. Ni mwanzo tu umenitoka kidogo, na pale katikati, na yale maneno ya Mkunga alipofumbua macho.

Nikaanza na salamu kwa wenzake. Nikaandika Leo. Nikangoja. Haikuleta kitu. Nikafuta, nikaandika tena Leo, nikangoja mpaka chai ikapoa. Hakuna umekula. Hakuna chochote.

Yule fundi ameiharibu. Kesho nairudisha, airekebishe.